Alikufa mafunzoni mkesha wa mwaka mpya 1940: mpiga bunduki wa mkiani na lile dege la Loch Ness

KipangaMweusi (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Jukwaa siku hizi limejaa siasa na mikeka tu, nimeona nilete kitu cha historia kidogo, wapenzi wa ndege vutieni viti.

Nyote mnajua Loch Ness, lile ziwa la Scotland linalosemwa lina dude. Sasa dude halijapatikana mpaka leo ila mwaka 1976 Wamarekani waliokuja kulitafuta kwa mitambo ya sona waliona kitu chini kina umbo la ndege. Mwanzo wakadhani ni Catalina, zile ndege za kutua majini. Baadae Chuo Kikuu cha Heriot-Watt cha Edinburgh wakashusha kamera kule chini wakakuta siyo Catalina, ni Vickers Wellington, dege la mabomu la Waingereza la vita ya pili ya dunia, limekaa kwenye kama mita 70 za maji limetulia tuli. Namba yake N2980, herufi R, wenyewe waliliita R for Robert.

Likavutwa juu tarehe 21 Septemba 1985. Wakaunganisha betri mpya kwenye taa za mkiani zikawaka. Yani miaka karibu 45 ndani ya maji baridi halafu taa inawaka, mimi taa ya chooni haimalizi miezi mitatu. Leo liko makumbusho ya Brooklands, Surrey, palepale lilipoundwa, na watu wanalipa kiingilio kwenda kulitizama.

Ila uzi wangu siyo wa dege. Siku linaingia ziwani, 31 Desemba 1940, lilikuwa na watu nane, saba wakapona, mmoja akafa. Anaitwa Sajenti J.S. Fensome, alikuwa mpiga bunduki wa mkiani. Hakufa kwenye vita, hakukuwa na Mjerumani hata mmoja karibu, walikuwa kwenye safari ya mafunzo. Kila makala unayosoma ya hilo dege yeye anapata mstari mmoja halafu wanarudi kwenye stori ya dude. Hicho ndo kinaniudhi. Nipeni dakika naendelea.

mama_Chausiku

Naweka kambi hapa na kahawa yangu. Endelea mkuu.

Dogo wa Kigogo

Uzi bila picha ni kesi.

KipangaMweusi

Dogo picha zimejaa Google andika hiyo namba N2980 utachoka mwenyewe. Tuendelee.

Kwanza mjue lile dege halikuwa bovu tangu mwanzo, lilikuwa na CV yake. Liliruka mara ya kwanza Novemba 1939, likapelekwa kikosi namba 149. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Desemba 1939, Waingereza wakatuma Wellington kwenda pwani ya Ujerumani upande wa Heligoland na Wilhelmshaven kutafuta meli za kivita, mchana kweupe, hakuna ndege za kuwasindikiza, waliamini wakiruka kwa pamoja wamebanana basi bunduki zao zitatosha kufukuza adui. Zilizofika kule zilikuwa 22. Wajerumani waliwaona mapema kwa rada wakawapandishia Messerschmitt, ndege zao za kivita, Wellington 12 hazikurudi. Yani zaidi ya nusu ndani ya muda mfupi tu. Robert alikuwemo, rubani wake Paul Harris, na akarudi.

Sasa hapa ndo kuna fundo la stori nzima. Baada ya kipigo kile RAF, jeshi la anga la Uingereza, wakaona mchana hapafai, wakahamia kushambulia usiku. Lakini usiku unaruka gizani, chini miji imezimwa taa zote kwa ajili ya vita, hakuna GPS, hakuna chochote cha maana cha kukusaidia mwaka 1940, kuna ramani, dira, saa, nyota kama zipo na mtu mmoja anaitwa nevigeta anapiga hesabu za upepo kwenye kimeza akitetemeka kwa baridi. Kwaiyo ghafla wanahitajika manevigeta wengi tena wazuri, na wanapatikana wapi kama siyo shule? Ndo zikaanzishwa zile OTU, vituo vya mafunzo ya mwisho kabla ya kwenda vitani. Na Robert akishachoka, ameshapiga safari zake za vita na kikosi cha 37, akapelekwa OTU namba 20 pale Lossiemouth kaskazini mwa Scotland akawafundishe watoto.

Unaona mzunguko? Dege lililoponea kipigo cha mchana linaishia kufundisha watu kuruka gizani kwa sababu ya kipigo kilekile, na kwenye kufundisha huko ndo linaua.

Mzee wa Ufipa

Hapo mkuu umegusa kitu. Watu wanadhani dege la kufundishia ni jipya lenye waranti, kumbe ni lile ambalo wapiganaji wamelikataa.

KipangaMweusi

Ndiyo mzee wangu, na mafundi wazuri pia wako vitani, na walimu wenyewe ni marubani waliomaliza zamu zao wamepelekwa kule "kupumzika". Ukimsikia rubani wa vita anasema kufundisha OTU ni hatari kuliko vita usidhani anatania.

Haya siku yenyewe. Mkesha wa mwaka mpya. Rubani ni Squadron Leader Nigel Marwood-Elton, pembeni yake rubani msaidizi anaitwa Slatter, nyuma wanafunzi na wengine. Wako kama futi 8,000 juu ya milima ya Monadhliath, theluji inapiga, injini ya kulia ikafa. Wellington za mwanzo kwa injini moja hazikai juu, zinashuka pole pole upende usipende, na chini yako kuna milima umefunikwa na wingu huioni. Marwood-Elton akatoa amri, rukeni wote.

Sita wakaruka. Walipokwisha kutoka ndo mawingu yakafunguka kidogo, rubani akaona maji marefu meusi chini, Loch Ness. Akalitua dege juu ya maji yeye na Slatter, likaelea, wakatoka wakapanda boti ya mpira wakapiga kasia mpaka ufukweni, wakapata lifti ya lori hadi Inverness. Dege likazama.

Fensome parachuti lake lilinasa kwenye ndege wakati anatoka. Basi.

BintiSayari

Aisee. Kwahiyo angebaki ndani angepona??

KipangaMweusi

Kwa ilivyotokea, ndiyo, waliobaki ndani hawakuguswa na jambo. Lakini rubani hakulijua ziwa alipotoa amri, aliijua milima tu. Mimi simlaumu kabisa, angewabakiza halafu akagonga mlima tungesema mbona hakuwaruhusu waruke.

mama_Chausiku

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Dogo wa Kigogo

Ila kwanini parachuti linase la yeye tu wengine sita... samahani watano walitoka freshi? Hao wa mkiani si wana mlango wao?

KipangaMweusi

Swali zuri dogo, ngoja nikuelezee huyo mtu wa mkiani anaishije maana wengi hawajui.

Mkiani kabisa kuna kibanda cha vioo na chuma kinazunguka kwa mgandamizo wa mafuta ya mitambo, ndani yake mtu mmoja na bunduki zake za Browning, magoti yamekaribia kidevu. Nafasi ni finyu mno kwaiyo parachuti hakai nalo. Anavaa mikanda tu mwilini, lile furushi lenyewe limetundikwa nje ya kibanda, ndani ya mwili wa ndege nyuma ya mgongo wake. Sasa ikija amri ya kuruka inabidi kwanza akinyooshe kibanda kielekee nyuma sawasawa, maana kikiwa kimegeuka pembeni milango haikutani na mwili wa ndege. Afungue vimlango vya mgongoni. Anyooshe mkono nyuma alipapase furushi lake alivute, alibane kifuani kwenye ndoano mbili. Halafu atoke, aidha kwa kurudi ndani na kutafuta mlango, au azungushe tena kibanda pembeni ajiangushe kinyumenyume hewani, buti zake zisibaki zimenasa. Yote hayo amevaa manguo mazito ya baridi, glavu juu ya glavu, waya za mawasiliano na bomba la oksijeni zimemning'inia, gizani au ndani ya wingu, ndege inayumba. Na yuko peke yake, hakuna wa kumwambia ndoano yako moja haijabana.

Sisemi najua hatua kwa hatua Fensome alifanya nini, nakwambia kazi yenyewe ilivyokuwa kwa kila mtu wa mkiani.

BintiSayari

Mimi mwenye kulia nikinasa kwenye siti ya daladala 😭

Fundi Saramala

Mkuu mimi kilichonishika ni hilo dege kutooza. Aluminiamu ya kawaida hiyo?

KipangaMweusi

Aluminiamu ndiyo fundi, ila cha ajabu zaidi ni mfumo wake. Mhandisi wake alikuwa Barnes Wallis, yule aliyekuja kutengeneza bomu la kuruka-ruka juu ya maji la kubomoa mabwawa ya Ujerumani 1943. Wellington hakuijenga kwa mabati mazito, aliisuka vipande vyembamba vya aluminiamu vinapishana mshazari kama tenga la kuku halafu juu akaivalisha kitambaa kilichopakwa dawa. Ukipiga risasi unatoboa kitambaa, ukikata kipande kimoja mzigo unahamia vingine. Ziliundwa zaidi ya 11,400, na leo zilizobaki nzima-nzima duniani ni mbili tu, hii ya ziwani na nyingine ya makumbusho ya RAF. Na hii ya ziwani ndo pekee kati ya hizo iliyowahi kwenda kupiga vita.

Kwaiyo ndege ya kwenye mafunzo, iliyoua mtu kwenye mafunzo, ndo imetuhifadhia ushahidi wa zile zilizopigana.

Chalii_Mrefu

Samahani wakuu ila hizi stori za wazungu wanauana wenyewe kwa wenyewe zinatusaidia nini sisi? Babu zetu walikufa Burma hamuwaletei nyuzi. Meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa Februari 1944 imejaa askari wetu wa mizinga wa Afrika Mashariki ikapigwa na Wajapani karibu na Maldives wakafa watu karibu 1,300, nani anaijua?

KipangaMweusi

Chalii hoja yako nzito na mimi nakuunga mkono, fungua uzi wa Khedive Ismail nitakuwa wa kwanza kuchangia. Lakini wale nao hawakufia kwenye mapigano ya Burma, walifia njiani kuelekea huko, hawajafyatua hata mzinga mmoja. Ndo kitu kilekile ninachokisema. Vita inakula watu kabla hawajafika vitani na hao ndo husahaulika haraka.

Namba sasa. Kamandi ya mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573 vita nzima. Kati ya hao zaidi ya 8,000 walikufa kwenye mafunzo na ajali nyingine ambazo siyo mapigano. Karibu mmoja kati ya saba. Marekani kwao ndani, marubani na wanafunzi waliokufa kwa ajali za mafunzo bila kuvuka bahari wanakadiriwa kama 15,000.

NjorogeWaLanet

Wasee mimi niko Nakuru na niwaambie hii kitu si ya wazungu wa mbali vile Chalii anadhani. RAF walikuwa na OTU hapa hapa. Namba 70 ilikuwa Nakuru kuanzia 1941, na namba 72 ilikuja Nanyuki. Walikuwa wanafundisha na Blenheim, ndege ya mabomu ya injini mbili, watu watatu ndani. Vijana walikuwa wanatoka shule za urubani za Rhodesia na Afrika Kusini na kwingineko, wanaletwa hapa Rift Valley wanaunganishwa kuwa timu halafu wanaenda jangwani Misri na Libya kupigana na Rommel, jenerali wa Wajerumani.

Enda Nakuru North Cemetery uone. Majeneza ya vita hapa yalitoka wapi na hakuna Mjerumani alifika Nakuru? Ni mafunzo. Vijana wa air force miaka ya ishirini hivi, wengine hawajafika, tarehe zinafuatana, mara nyingine unapata watatu tarehe moja, hiyo unajua ni Blenheim moja imeenda nao wote.

Chalii_Mrefu

Duh. Hiyo sikuijua kabisa. Naondoa maneno.

Mzee wa Ufipa

Njoroge na mwinuko wa huko kwenu ulikuwa adui mwingine. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, Nanyuki zaidi kidogo. Hewa nyepesi. Injini inavuta hewa pungufu inatoa nguvu pungufu, bawa nalo linashika hewa pungufu, kwaiyo unahitaji mbio ndefu zaidi kuinuka. Mwanafunzi aliyezoea uwanja wa chini anafika pale mchana wa jua kali anadhani ndege yake imerogwa. Injini moja ikizima wakati wa kuinuka ndo hadithi imeishia hapo. Halafu pembeni una Menengai, una Aberdare, una Mlima Kenya wenyewe umevaa mawingu kila siku mchana.

NjorogeWaLanet

Kabisa mzee. Hapa saa nane mchana clouds zinashuka zinafunika Aberdare yote, kama hujui njia utapata mlima haraka sana.

BintiSayari

Na wale ambao hawakupatikana kabisa? Maana msitu wa Aberdare ndege ikiingia humo...

KipangaMweusi

Asante sana Njoroge hiyo ndo nondo niliyoitaka.

Binti, wale wa RAF waliopotea bila kaburi kutokea Uingereza na Ulaya kaskazini wameandikwa ukutani Runnymede karibu na London, majina zaidi ya 20,000. Waliopotea huku Afrika Mashariki wanakumbukwa kwenye mnara wa Alamein, Misri. Kwaiyo kijana aliyepotelea Kenya bila kaburi jina lake unaweza kulikuta jangwani kule.

Halafu kuna wale waliopatikana ila hawakushushwa. Hii nayo ya Scotland. Aprili 13, 1941, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Avro Anson namba N9857 kutoka OTU ya Kinloss, jirani kabisa na Lossiemouth, iliingia kwenye dhoruba ya theluji ikagonga mlima Ben More Assynt. Watu sita. Wakakaa huko juu wiki sita hivi ndo wakaonekana, mwishoni mwa Mei theluji ilipoyeyuka. Kuwabeba kuwashusha ikaonekana haiwezekani, wakazikwa palepale juu karibu na mabaki ya ndege yao, na wako hapo mpaka leo. Mwaka 2013 jiwe lao la kumbukumbu lilikuwa limechakaa, likapelekwa jipya la granaiti, zito hasa, kwa helikopta ya Chinook. Unaona wenzetu wanavyojali, jiwe la kilo mia kadhaa linapandishwa mlimani kwa ajili ya watu sita waliokufa mafunzoni miaka zaidi ya 70 nyuma.

Fundi Saramala

Na hakukuwa na waokoaji wakati ule?

KipangaMweusi

Mwanzoni hakuna kitu. Ndege ikianguka mlimani wanatumwa askari wowote waliopo kambini na buti zao za gwaride. Daktari mmoja wa kituo cha Llandwrog kule Wales, George Graham, alichoka kuona watu wanakufa kwa baridi mlimani wakati wameponea ajali yenyewe, akaanza kufundisha timu yake ya kupanda milima na kubeba machela. Kuanzia hapo 1943 RAF wakaanzisha rasmi kikosi cha uokoaji milimani, na kipo mpaka leo, kinaokoa hadi watalii.

Dogo wa Kigogo

Mkuu swali la mwisho halafu nikalale. Hao wanafunzi walikuwa wanapangwaje nani akae mkiani? Mkosi tu?

KipangaMweusi

Kazi ya bunduki mtu anaisomea kabla hajafika OTU, ila timu yake ndo anaipata pale. Na walivyokuwa wanazipata utacheka. Wanakusanywa wote kwenye hanga moja, marubani, manevigeta, watu wa redio, wapiga bunduki, wanaambiwa haya tafutaneni wenyewe. Hakuna orodha. Rubani anamfata mtu anamuuliza we una nevigeta? Mwingine anamchagua mtu kwa sababu wanatoka mji mmoja, mwingine kwa sababu jamaa ana sura ya kutulia. Nusu saa baadae unao watu ambao utakufa nao au utapona nao.

Na msidhani ukiwa mwanafunzi vita inakusubiri. Usiku wa tarehe 30 Mei 1942 Uingereza ilipotaka kupeleka ndege 1,000 kwa mpigo Cologne vikosi vya kawaida havikutosha, wakazoa walimu na wanafunzi wa OTU. Zilienda 1,047 na Wellington peke yake zilikuwa 602.

mama_Chausiku

Mimi bado niko kwa huyo mama yake Fensome jamani. Mkesha wa mwaka mpya. Halafu anaambiwa ndege yake haikupigwa na mtu.

KipangaMweusi

Hata kwenye orodha za vifo zilizochapishwa kipindi kile waliwatenganisha, waliouawa kwenye mapigano huku, waliofia kazini kule. Kaburini ndo wanakuwa sawa, tume ya makaburi ya vita haina jiwe la daraja la pili.

BintiSayari

Njoroge hayo majina ya Nakuru mtu anaweza kuyapata bila kufika huko?

NjorogeWaLanet

Ndio, ingia tovuti ya CWGC, hiyo tume ya makaburi ya vita, ni bure. Kwa sehemu ya makaburi andika Nakuru North, chagua Air Force, weka miaka 1941 hadi 1943. Itakupa jina, cheo, tarehe na wengine mpaka wazazi wao walitoka wapi. Ukipata tarehe moja imejirudia mara tatu anzia hapo. Fanya hivyo hivyo na Nanyuki War Cemetery.

Dogo wa Kigogo

Na picha?

NjorogeWaLanet

Wee kijana na picha zako. Jumamosi kama haitanyesha napita huko nikitoka soko, nitaweka hapa hapa. Msifunge uzi.

Chalii_Mrefu

Nami nimeshafungua wa Khedive Ismail, uko juu hapo, mleta uzi ulisema utakuwa wa kwanza na sikuoni.

KipangaMweusi

Nakuja nakuja, chaji 4%.